Tuambieni Kabla ya Kupiga Leza

Barua ya wazi kwa Chama cha Madaktari wa Macho nchini Kenya na kwa Idara ya Afya ya Kaunti ya Garissa

Waheshimiwa,

Naanza kwa shukrani nisije nikaeleweka vibaya. Bila leza mliyonipiga macho yote mawili, huenda barua hii ningekuwa naisema huku mtu mwingine akiiandika. Naona. Nikisimama nyuma ya darasa nasoma ubao mpaka nukta. Nikiwa ukingoni mwa Mto Tana natambua ng'ombe wanaokunywa maji ng'ambo ya pili ni wa nani. Mtu akidhani nimeshika kalamu kuwaonya wenye kisukari waikimbie leza, namwomba avumilie asome hadi mwisho.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Balambala. Nina miaka 37. Kisukari nimeishi nacho tangu nilipokuwa kidato cha tatu, na insulini hujidunga mwenyewe asubuhi na jioni. Hospitali iliyonitibu sitaitaja. Nikiitaja mtasema hilo ni lao, na ninyi wengine mtapumua. Nami nimezungumza na wagonjwa wa kutosha kujua kwamba jambo hili si la hospitali moja.

Jambo lenyewe ni hili. Baada ya leza, uoni wangu wa mbali ulibaki, wa karibu ukaondoka. Daftari la mtoto likiwa mezani, hesabu zake zilikuwa ukungu wa kijivu. Nikalisogeza mbali, nikalisogeza tena, mpaka mkono ukaisha. Nilipouliza niliambiwa ni dawa ya matone, itaisha kesho. Ni kweli matone ya kupanua mboni hufifisha uoni wa karibu kwa saa kadhaa, na mengine hadi siku nzima. Lakini kesho ilifika, ikafuatwa na nyingine, na juma likaisha. Matone hayakuwa tena na la kujibu. Nilipouliza mara ya pili, mhudumu alitazama umri kwenye kadi yangu akasema labda ni uzee umewahi. Nilicheka. Nilipofika nje nikaacha kucheka, kwa sababu uzee haumwingii mtu kati ya Jumatatu na Jumanne.

Jibu nililipata baadaye, kwa daktari mwingine aliyekuwa na muda wa kukaa chini. Alinichorea jicho nyuma ya bahasha ya dawa. Nitaeleza kama nilivyoelewa, maana barua hii itasomwa na wenzangu pia, si ninyi tu mnaojua.

Nyuma ya mboni kuna lenzi inayobadilika umbo. Ukitazama mbali, hukaa bapa. Ukitazama karibu, msuli mdogo unaoizunguka hukaza, lenzi hutuna, herufi zikaja wazi. Msuli huo hupokea amri kupitia neva nyembamba zinazoingia kwa nyuma ya jicho, karibu na inapotokea neva kuu ya kuona, kisha huja mbele zikiwa zimebanwa kati ya ukuta mweupe wa jicho na tabaka la mishipa ya damu lililo chini ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Sasa leza ya aina niliyopigwa haipigwi katikati ya retina, pale tunaposomea. Hupigwa kandokando, pande zote. Kipimo cha miaka mingi ni madoa 1,200 hadi 1,600 kwa jicho moja, kila doa likiwa na upana wa takriban nusu milimita. Joto la doa halikomi pale mwanga ulipogusa. Huzama chini, na huko chini ndiko neva zinakopita. Ni kama fundi anayepigilia misumari kwenye ukuta uliofukiwa nyaya za umeme: nyumba itasimama imara, lakini taa ya chumba kimoja huenda ikazimika.

Neva hizohizo ndizo zinazopeleka amri ya kubana mboni. Ndiyo sababu baadhi yetu hubaki na mboni pana kuliko kawaida, na jua la saa saba mchana la Garissa, ambalo hata mwenye macho mazima hulikunjia uso, kwetu huwa adhabu.

Daktari yule aliniambia mambo mawili zaidi, na laiti ningeyasikia kabla. La kwanza, kwamba kwa wengi uwezo huu hurudi polepole, wiki hadi miezi, ingawa kwa wengine haurudi wote. (Wangu umerudi kiasi. Maandishi ya gazeti nayaweza mchana. Usiku siyawezi bila miwani.) La pili, kwamba hakuna jambo geni hapa. Majarida ya kitaalamu ya macho yanaliandika tangu miaka ya 1970. Yaani limejulikana tangu kabla sijazaliwa, likapita vyuo vyote mlivyosomea, likaja kukwama kwenye mlango wa chumba cha leza, hatua moja kabla ya kumfikia mwenye jicho.

Najua kwenu hili ni dogo. Mkilipanga pamoja na mambo mnayoyaogopa, kama retina kuvutwa ikang'oka au damu kujaa ndani ya jicho, linakaa chini kabisa ya orodha. Mnapima ushindi kwa ule ubao wa herufi wa mita sita, na kwenye ubao huo mimi nilifaulu vizuri. Hakuna aliyenipa karatasi nisome kwa umbali wa mkono, si kabla wala baada.

Basi niwaambie maisha ya umbali wa mkono yana nini ndani yake. Naacha daftari za wanafunzi, maana hizo zilisubiri. Naanza na sindano.

Bomba la insulini la yuniti 100 ni fupi kama kidole, na kila mstari mdogo ni yuniti mbili. Mtu asiyeona mistari hiyo akikosea mitatu, amekosea yuniti sita. Yuniti sita za ziada jioni zinaweza kumwamsha usiku akitetemeka, nguo zimelowa jasho, ulimi mzito. Zinaweza pia zisimwamshe. Zikipungua, sukari inapanda, na sukari iliyopanda ndiyo iliyomleta kwenye leza tangu mwanzo. Halafu kuna viputo vya hewa, ambavyo lazima uvione ili uvigonge vitoke. Kuna kipimo cha sukari chenye kijiti ambacho tone la damu lazima liguse ncha yake, si ubavu wake. Kuna nyayo, tunazoambiwa kila kliniki tuzikague kila jioni tusije tukaota kidonda bila kuhisi. Mnaona mzunguko ulivyo: ninyi mnatibu jicho lililoharibiwa na sukari, na tiba inamnyang'anya mgonjwa, walau kwa miezi michache, kile anachohitaji ili aidhibiti sukari.

Kwangu ilikuwa mwanangu wa gredi ya tano. Yeye ndiye aliyenisomea mistari ya sindano, akiinua bomba kwenye mwanga wa mlango, mama yake akisimama nyuma yake kuhakikisha. Mtoto wa umri huo hapaswi kubeba uhai wa babake kwenye vidole vyake kabla ya kwenda shule. Yule aliyenipiga leza hakujua kama najidunga mwenyewe au nadungwa, kwa sababu hakuuliza. Angeuliza, sentensi moja ingetosha: kwa muda hutaona karibu, kwa hiyo panga nani atakusomea sindano, au chukua miwani hii.

Na mengine? Mfugaji akiuza mbuzi sokoni Garissa, pesa zinaingia kwenye simu, na asiyeona kioo cha simu atampa mwingine amsomee. Atakayemsomea leo salio, kesho atamwona akibonyeza namba ya siri. Mwenye duka hupokea noti na kurudisha chenji. Maalim wa dugsi, chuo cha Kurani, anafuatilia msahafu kwa kidole huku watoto wakisoma lawha zao za mbao, na irabu za Kiarabu ni vijistari na vijiduara juu na chini ya herufi. Kosea kimoja na maana imehama. Mwezi wa Ramadhani wanaume wa huku hujitahidi kuhitimisha msahafu. Mwaka ule wa leza nilisikiliza tu.

Haya yote ningeyameza na kunyamaza kama madhara yangekuwa yangu peke yangu. Sababu ya kuandika hadharani ni nyingine.

Balambala habari haziji kwa kipeperushi. Huja na gari linalotoka Garissa kupitia Sankuri na Saka, huteremka pamoja na abiria, zikakaa kwenye kibanda cha chai. Mtu aliyekwenda Nairobi kutibiwa macho akirudi, kila mtu anataka kujua: umepona? Yule anajibu anachokijua. Na anachokijua ni kwamba aliondoka akisoma jumbe za simu yake, amerudi hawezi. Hakuna aliyemwambia kwamba hilo lilitarajiwa, kwamba huenda litapungua, kwamba miwani ya kusomea ingemaliza nusu ya tatizo. Anasema alichoona: ule moto umenipunguzia macho. Hadithi hiyo ni ya kweli kwa kadiri ya ufahamu wake. Inafika Danyere kabla ya Ijumaa, na Jarajara kabla ya Ijumaa inayofuata.

Kuna mama mmoja upande wa Sankuri, miaka yake ni 40 na kidogo, mshonaji wa madera. Alipigwa leza jicho moja, akapewa tarehe ya kurudi kwa jicho la pili. Aliporudi nyumbani uzi haukuingia kwenye tundu la sindano ya cherehani, na mteja mmoja akarudisha dera lenye mshono uliopinda. Tarehe ilipofika hakwenda. Nilimtembelea nikiwa na miwani yangu puani, nikamweleza mambo ya neva kadiri nilivyoweza. Akanisikiliza kwa adabu, akanimiminia chai, akasema, "Maalim, wewe wanakulipa mshahara ukiwa huoni. Mimi nani atanilipa?" Baadaye jicho ambalo halikutibiwa lilivujia damu ndani. Anaona kivuli chekundu na mwanga. Jicho alilolilaumu ndilo linalompeleka msalani.

Huyo hakuogopa leza kwa ujinga. Aliogopa kwa ushahidi aliokuwa nao, na ushahidi huo ulikuwa na pengo mliloliacha ninyi. Utafiti ulioongozwa na Dkt. Wanjiku Mathenge huko Nakuru, kwa watu wa miaka 50 na kuendelea, ulikuta zaidi ya theluthi moja ya wenye kisukari tayari wana alama za ugonjwa huu kwenye retina. Sioni sababu ya sisi tunaokunywa chai yenye sukari kikombe baada ya kikombe kuwa na nafuu kuliko wao. Wengi hawajui, kwa sababu ugonjwa huu hauumi. Watakapoambiwa waende Nairobi, kilomita 370 hivi kutoka mji wa Garissa, wavuke daraja la Tana, washuke kwenye vizuizi kuonyesha vitambulisho, walale Eastleigh kwa ndugu, watapima safari hiyo kwa kile walichosikia kibandani. Kimya chenu kuhusu athari ndogo kinawafukuza kutoka kwenye tiba kubwa.

Tena leza, tangu mwanzo wake, ni mapatano. Inachoma sehemu ili kuokoa sehemu. Mjerumani Gerhard Meyer-Schwickerath alipata wazo hili kutokana na watu waliochomeka retina kwa kutazama kupatwa kwa jua mwaka 1945. Aliona makovu yao, akawaza kwamba kovu lililopigwa kwa makusudi linaweza kugandisha retina ising'oke. Alianza kwa kuelekeza mwanga wa jua kwa vioo hadi ndani ya jicho la mgonjwa, na mawingu yakija kazi inasimama. Baadaye ikaja taa ya gesi ya zenoni, na baada ya leza kuvumbuliwa mwaka 1960, ikaja leza ya agoni tuliyoirithi. Swali la kama inafaa kweli kwa kisukari lilijibiwa Marekani, kwa utafiti wa wagonjwa zaidi ya 1,700 uliotoa matokeo mwaka 1976: kila mgonjwa alitibiwa jicho moja, la pili likaachwa. Upotevu mkubwa wa uoni ulipungua kwa zaidi ya nusu katika macho yaliyotibiwa, na tofauti ilikuwa wazi kiasi kwamba watafiti walibadili mpango ili na macho yaliyoachwa yatibiwe. Utafiti huohuo haukuficha gharama. Uliandika kwamba wengine walipoteza uoni wa pembeni, wengine ukali kidogo wa kuona. Waliouendesha waliweka faida na hasara kwenye ukurasa mmoja. Kwa nini mgonjwa wa Balambala aonyeshwe nusu ya ukurasa?

Nasikia siku hizi kuna sindano zinazochomwa ndani ya jicho, zinazozuia kuota kwa mishipa mibovu, na kwamba kwa miaka ya kwanza matokeo yake si mabaya kuliko ya leza, huku uoni wa pembeni ukisalimika zaidi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2015 ulionyesha hivyo. Sipingi. Lakini sindano hizo zinataka urudi karibu kila mwezi mwanzoni, na mgonjwa akikatisha katikati anaweza kuangukia pabaya kuliko aliyepigwa leza akapotea. Novemba 2023 mvua za El Niño zilipofurika, barabara zetu zilikatika na watu wakahamia kwenye vilima. Nani angekwenda Nairobi kuchomwa sindano ya mwezi ule? Kwa mtu anayeishi huku, leza ndiyo tiba inayobaki nyuma ikifanya kazi barabara ikifungwa. Kwa hiyo sisi ndio tunaoihitaji zaidi, na ndio tusioelezwa.

Nayajua majibu yenu, mengine nimejibiwa ana kwa ana.

Mnasema foleni ni ndefu. Ni ndefu, nimekaa humo. Lakini wakati wa foleni ndio wakati wenyewe: tunakaa saa nzima na matone machoni tukisubiri mboni zipanuke, hatuwezi hata kusoma simu. Masikio yetu hayana kazi.

Mnasema mgonjwa akitajiwa kila athari atakimbia. Huenda mmoja atakimbia. Lakini nimewaonyesha wanaokimbia kwa kutotajiwa, na hao hukimbia wakiwa na kijiji nyuma yao.

Mnasema wagonjwa wenu wengi wamepita miaka 50, na kwa umri huo lenzi imeshakuwa ngumu, hawana cha kupoteza. Hili lina ukweli ndani yake. Ila linatusahau sisi tulioanza kisukari tukiwa shule, ambao retina zetu huharibika katika miaka ya 30, tukiwa bado na lenzi laini na watoto wadogo. Linamsahau pia yule mshonaji. Na hata huyo wa miaka 50, mnadhani tayari ana miwani? Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2019 kwamba watu milioni 826 duniani hawaoni karibu kwa sababu tu hawajapata miwani ya kusomea. Nina hakika wengi wa wazee wetu wamo. Kwenye mashamba ya chai ya Assam, India, wachumaji wa miaka 40 na zaidi walipewa miwani hiyo rahisi, na utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ukakuta mavuno yao yamewazidi wasiopewa kwa takriban asilimia 22. Ni miwani ileile inayouzwa kandokando ya barabara kwa shilingi mia chache. Mzee akija kwenu kwa leza, mpeni na hiyo. Mtakuwa mmemtibu mara mbili kwa safari moja.

Sheria siwezi kuwafundisha, ila niikumbushe. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 8, inataka mgonjwa aelezwe hali yake, tiba zilizopo, faida, hatari, gharama na matokeo yake, kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kusoma. Fomu niliyotia sahihi ilikuwa ya Kiingereza, kurasa za maandishi madogo, na niliitia sahihi matone yakiwa tayari machoni. Mimi ni mwalimu, Kiingereza nakisoma. Siku ile nisingeweza kusoma hata jina langu. Mzee aliyekaa kando yangu, asiyejua ila Kisomali, aliweka kidole gumba kwenye wino. Wote wawili tulihesabiwa kuwa tumeridhia.

Sasa naomba.

Kwenu madaktari: kabla ya matone, mpeni mgonjwa kadi ya kusomea kwa umbali wa mkono, mwandike anasoma mstari upi. Rudieni baada ya leza na katika kila kliniki inayofuata. Lisilopimwa halitawasumbua, na lisilowasumbua hamtalisema. Muulizeni anafanya kazi gani na nani anamdunga insulini. Kama inawezekana kugawa leza katika vipindi, au kutumia zile mashine mpya za mipigo mifupi ambazo joto lake halizami sana, au kupunguza nguvu mahali neva zinapopita, hayo ni yenu kuamua. Mimi najua tu kwamba yapo ya kuamua, na kwamba mgonjwa mwenye miaka 30 anastahili kuamuliwa tofauti na wa miaka 70.

Mwambieni pia lipi si la kawaida. Ukungu wa karibu unaoondoka ukivaa miwani ya kusomea, huo ni msuli, vumilia. Lakini mistari iliyonyooka ikionekana imejikunja, au katikati kukiwa na doa lisiloondoka kwa miwani yoyote, au vidudu vyeusi vikimwagika ghafla mbele ya jicho, hapo ni retina yenyewe, huenda imevimba au imevuja damu, na mgonjwa asingoje tarehe. Tofauti hiyo huku hakuna anayeijua. Nimekutana na waliokimbilia hospitali kwa la kwanza wakakaa nyumbani na la pili.

Kwenu wa kaunti: afya ni yenu tangu ugatuzi wa 2013. Wekeni katoni ya miwani ya kusomea katika hospitali ya Balambala, na vipande vichache kwenye vituo vya afya vya Saka, Sankuri, Danyere na Jarajara, za nguvu ya moja hadi tatu na nusu. Muuguzi hahitaji mashine kumpa mtu miwani ya mbili na nusu ajaribu kusoma kwa sentimita 40. Na mkizungumza na SHA, mamlaka ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ombeni miwani hiyo ihesabiwe ndani ya gharama ya leza, kama bandeji inavyohesabiwa ndani ya upasuaji. Msiifanye ombi jingine lenye fomu nyingine.

Halafu sauti. Karatasi ni nzuri, lakini nusu ya wanaohusika hawasomi na nusu nyingine hawaoni. Rekodini maelezo ya dakika tano kwa Kisomali na Kiswahili: leza ni nini, kwa nini inapigwa mtu anayeona vizuri, nini kitapungua, kwa muda gani, lini urudi haraka. Yasikizwe kwenye foleni. Yatumwe kwa WhatsApp, maana huku kila nyumba ina kikundi. Redio ya Star FM inatangaza kwa Kisomali na wazee wetu huisikiliza. Ombeni nafasi, mmoja wenu aende ajibu maswali ya wanaopiga simu, hata yale ya jeuri, hasa yale ya jeuri.

Mkikosa wa kuyatia maneno hayo kwa Kisomali, kazi hiyo naichukua mimi bila malipo, na nitakuja nayo mpaka kwa yule mama wa Sankuri, maana amesema kama daktari mwenyewe atamwambia, atafikiria jicho lile ambalo halijatibiwa. Nileteeni tu yale mtakayoyaandika. Maandishi, tafadhali, yawe makubwa.

Wenu,
Mwalimu wa shule ya msingi, Balambala